Hyde Hakujificha, Tulimfunika

Kuna sentensi moja nimeisikia barazani tangu nikiwa mdogo, na sai kila nikiisikia nahisi kama mtu ananitia mkono mfukoni: "Shetani alimpitia."

Mtu mzima wa heshima akigunduliwa amekula pesa za mayatima, shetani alimpitia. Mwalimu akigunduliwa na jambo lake na mtoto wa watu, shetani alimpitia. Huyu shetani wa Mombasa ana kazi nyingi kweli, na ajabu yake ni kwamba huwapitia wenye funguo peke yao. Sijasikia hata siku moja kwamba shetani amempitia kijana aliyepora simu hapa Tudor. Huyo ni mwizi tu, na watu washaanza kutafuta tairi.

Sisi tuliosomasoma tuna sentensi yetu pia, na ni ile ile imevaa suti: "Kumbe jamaa alikuwa Jekyll na Hyde." Tukishasema hivyo tunatikisa kichwa, tunaagiza kahawa nyingine, mambo yamekwisha. Sentensi hizi mbili zinafanya kazi moja. Zinamtoa mtu kwenye kosa lake na kutuachia kiumbe mwingine wa kulaumiwa, ambaye hakuna polisi anayeweza kumtia pingu. Na hiyo ya pili ina dhambi ya ziada, manake inamsingizia Robert Louis Stevenson jambo ambalo hakuliandika.

Hadithi tunayoijua sote ni hii: daktari mwema, dawa ya maabara, halafu lijitu lenye manyoya na meno. Hiyo imetoka kwenye majukwaa na sinema. Kitabu chenyewe, kilichochapishwa London Januari 1886, ni kifupi, unaweza kukimaliza siku moja ambayo feri ya Likoni imekwama. Ndani yake Hyde si lijitu la manyoya na meno. Ni mtu mdogo wa umbo, mdogo kuliko Jekyll, na kila anayemwona anahisi kuna kitu kibaya lakini hawezi kukuonyesha kiko wapi. Na Jekyll si mwema. Katika maungamo yake ya mwisho anaeleza mwenyewe kwamba alikuwa akiishi maisha mawili kwa miaka kabla ya kuchanganya dawa yoyote. Alipenda anasa zake za siri, na alipenda pia kutembea kichwa juu mbele za watu, na hakutaka kuacha hata kimoja. Dawa, anasema, haikuwa ya kishetani wala ya kimungu. Ilifungua mlango tu, akatoka aliyekuwa ndani.

Baada ya hapo Jekyll anapanga mambo kama mfanyabiashara. Anamtafutia Hyde nyumba Soho na kuijaza samani. Anamfungulia akaunti ya benki. Anaandika wosia wa kumwachia mali yote. Mtu aliyepitiwa na shetani hana muda wa kwenda benki.

Lakini hata hilo silo linaloniuma. Linaloniuma liko sura ya kwanza, na karibu kila niliyemuuliza alikuwa amelisahau.

Saa tisa za usiku, baridi ya London, mtoto wa kike wa miaka minane au kumi anakimbia kutoka kumwita daktari. Kwenye kona anagongana na Hyde. Hyde anamkanyaga, anapita juu yake, anamwacha chini akilia. Bwana mmoja, Enfield, anamkamata. Familia ya mtoto inatoka, daktari anafika. Na hawa watu wazima, wakiwa na mhalifu mkononi, wanafanya nini? Hawaiti polisi. Wanamwambia: lipa, la sivyo tutaliharibu jina lako London nzima. Wanakubaliana pauni 100. Hyde anafungua mlango mmoja mbovu wa uchochoroni, hauna kengele wala cha kubishia, anatoka na pauni 10 za dhahabu na hundi ya zilizobaki. Hundi ina sahihi ya mtu mkubwa, mtu anayeheshimiwa na kila mtu. Wanakaa pamoja hadi benki ifunguliwe. Hundi ni halali. Pesa inatoka.

Halafu Enfield anamsimulia jambo hili rafiki yake, wakili Utterson. Anaficha jina lililokuwa kwenye hundi, na kumbe Utterson alikuwa amelijua tayari, maana mlango ule ni wa nyuma wa nyumba ya Jekyll. Mabwana wawili wanapeana mkono: tusilizungumze tena jambo hili. Mtoto hana jina. Na Jekyll mwenyewe anapolikumbuka tukio lile, mwisho wa kitabu, anakumbuka ilivyomgharimu yeye.

Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kibarazani kwetu na simu iliyopasuka kioo, na nikaisoma mara tatu. Manake mimi hundi ile naijua. Nilikuwa nyumbani siku ilipoandikwa.

Mama yangu anauza mahamri na mbaazi alfajiri. Yeye na wanawake wenzake ishirini na kitu walikuwa na chama, kila wiki wanachangia. Mweka hazina alikuwa mwanamume mmoja mzee wa mtaani, na alichaguliwa kwa sababu kila mtu alimwamini. Ndiye aliyekuwa akikaa mbele kwenye posa. Ndiye aliyesuluhisha ndoa za watu. Kanzu yake ilikuwa nyeupe kuliko za wengine, na alikuwa na daftari jeusi lenye mgongo mwekundu ambalo hakuna aliyewahi kuomba kulifungua. Nitamwita Bwana Daftari. Katika daftari lile kulikuwa na shilingi 68,000 za mama, na shilingi hizo zilikuwa karo yangu ya mwaka wa pili chuoni.

Siku ya kugawana ilipofika, akawa mgonjwa. Wiki iliyofuata akawa amesafiri. Mwishowe ikajulikana: pesa zimekwenda. Nyingine kwenye kamari ya simu, nyingine kwenye nyumba ya pili ng'ambo ya daraja ambayo mkewe hakuijua. Wanawake walitaka kwenda polisi. Wazee wakaita kikao sebuleni kwa mtu, mimi nikiwa mlangoni napokea viatu. Nakumbuka maneno. "Tusivuane nguo." "Ana mabinti wa kuozwa." "Shetani alimpitia." Na lile la kufunga kikao, lililotamkwa kwa sauti ya upole sana: funika kombe, mwanaharamu apite.

Kikao kiliamua alipe theluthi, na wanawake wasilizungumze tena. Mama alirudi na shilingi 22,000 zimefungwa kwenye pembe ya leso. Muhula ule sikurudi chuo, wala uliofuata. Sikufukuzwa na mtu. Jina langu lilikwisha tu kwenye orodha. Watu hunichekea wakisema mimi ni mwandishi asiyemaliza shule, na ni kweli, sina cheti. Lakini nina elimu moja niliyoipata mlangoni siku ile, nikipanga viatu vya watu waliokuwa wakiniuza ndani.

Baada ya mwaka na kitu, mwanamke mmoja kutoka Kisauni alikuja kununua mahamri kwa mama, wakaanza kupiga soga. Akamsifia mweka hazina wao mpya. Mtu wa dini, mtu mzima, ana daftari lake safi kabisa. Mama akaacha kukanda unga.

Hapo ndipo kitabu cha Stevenson kinapoacha kuwa hadithi ya kutisha na kuwa ripoti. Baada ya ile hundi, Hyde hakupotea. Alipita karibu mwaka, na usiku mmoja wa Oktoba akamuua kwa fimbo Sir Danvers Carew, mbunge. Sasa polisi wakaja. Na ile fimbo, vipande vyake vilipookotwa, Utterson aliitambua: yeye mwenyewe alimzawadia Jekyll miaka mingi nyuma. Kisha karani wake, Guest, akamwonyesha kwamba barua ya Hyde na mwandiko wa Jekyll ni kitu kimoja, tofauti ni mlalo tu. Wakili huyu, mtu wa sheria, ameshika mkononi ushahidi kwenye kesi ya mauaji. Unajua alifanya nini? Aliufungia kwenye sefu. Na hata mwisho kabisa, mlango ushavunjwa kwa shoka na maiti iko sakafuni, bado anamwambia mtumishi asiseme habari za zile karatasi, ili jina la bwana wake liokoke.

Ndiyo sababu nasema Hyde hakujificha. Alitembea mjini kwa miguu yake, na alikuwa na ufunguo, akaunti, anwani na wakili. Kama kuna dawa kitabuni, basi dawa yenyewe ni ile adabu ya mabwana ya kutoulizana maswali. Enfield anaijivunia waziwazi: jambo likinuka zaidi, yeye huuliza kidogo zaidi. Sisi tunaiita heshima.

Stevenson hakuokota haya hewani. Chumbani kwake utotoni, mjini Edinburgh, kulikuwa na kabati lililotengenezwa na fundi aitwaye William Brodie. Brodie aliishi karne iliyotangulia. Alikuwa mkuu wa chama cha mafundi seremala na diwani wa mji. Matajiri walimwita nyumbani kuwatengenezea makabati na kufuli, naye alichukua nakala za funguo zao, usiku akarudi kuwaibia, kisha akapeleka pesa kwenye kamari. Alikuwa na wanawake wawili wa pembeni na watoto kwa kila mmoja. Alinyongwa Oktoba 1788. Angalia vizuri: imani ya watu ndiyo iliyokuwa kifaa chake cha kuvunjia milango. Bila udiwani na useremala asingeupata hata ufunguo mmoja.

Na mwaka alioandika kitabu, 1885, London ilikuwa inawaka. Mwezi wa Julai mhariri W. T. Stead alichapisha kwenye gazeti lake, Pall Mall Gazette, uchunguzi juu ya mabwana wanaonunua wasichana wadogo mjini humo. Sheria ya kupandisha umri wa msichana kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16 ilikuwa imezungushwa bungeni kwa muda mrefu. Baada ya makala zile ilipita mwezi uliofuata. Miezi michache baadaye Stevenson anaketi na kuanza kitabu chake kwa mtoto wa kike aliyekanyagwa na mtu mwenye hundi ya bwana mkubwa. Mimi siwezi kusoma sura ile kama mchezo wa maabara.

Najua kuna msomaji ananiuliza: hizi hadithi za Waingereza za zama za Malkia Victoria zinatuhusu nini sisi wa kisiwani? Swali zuri. Mwaka ule ule wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawana bara ya Afrika Mashariki, na Sultani Barghash akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani, sisi tukiwemo ndani yake. Miaka miwili baadaye kampuni ya Kiingereza ilipata hati ya kifalme na kuweka makao yake hapa Mombasa. Kule kwao walikuwa waungwana wenye kanisa na michango ya hisani. Kwetu walitokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo mimi naona tuna haki kamili ya kusoma walivyojichora wenyewe. Walitutawala, walau watupe maelezo.

Lakini pia hatuhitaji kwenda mbali. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alituandikia Utengano mwaka 1980, na wengi tuliusoma shuleni tukikariri maudhui na mbinu za lugha. Bwana Maksuudi ana jina, ana mali, anataka uongozi, na nyumbani kwake amemfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la maadili. Hakuna dawa pale wala maabara. Kuna nyumba tu, na mji unaojua na kumwamkia. Tulipewa kitabu kile kujibu maswali ya mtihani, na hakuna mwalimu aliyetuuliza: kwenu mtaani Maksuudi ni nani?

Mtaani kwetu jibu hilo limewahi kusomwa hadharani, ila ilibidi lisomwe New York. Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili wa Mombasa, walikamatwa hapa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilizunguka mahakamani zaidi ya miaka miwili, hadi waliposafirishwa Januari 2017. Oktoba 2018 walikiri biashara ya heroini na methamfetamini. Na walikiri jambo lingine, ambalo ndilo linalonihusu: kwamba waliwahonga maafisa wa Kenya ili wasisafirishwe. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Waulize watu wazima wa kisiwa hiki kama walishangaa. Hakuna aliyeshangaa! Jina lile lilijulikana kabla mimi sijaanza shule. Huku tukizika vijana waliokwisha kwa unga, tulikuwa tunajua, na tulishusha sauti tu gari likipita. Na kila hongo iliyopokelewa ilikuwa hundi ile ile ya sura ya kwanza. Mpokeaji aliona ni halali kwa sababu ilitoka benki.

Shakahola nayo. Paul Mackenzie hakuwa mtu wa gizani. Alihubiri wazi, na mahubiri yake yalikuwa mtandaoni. Machi 2023 alikamatwa kufuatia vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na hesabu ikapita miili 400. Yeye amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayosema. Mimi nazungumzia sisi. Kamati ya Seneti ilipochunguza ilionyesha kwamba dalili zilikuwepo na vyombo vya serikali havikuchukua hatua. Hata hivyo baadaye tulisema "msitu ulificha siri", kana kwamba miti ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kuripoti.

Sasa jibu la wazee, ambalo ni jibu la haki na sitaki kulikimbia. Watasema: kijana, dini imetufundisha kusitiriana. Anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Unataka mji ambao kila mtu anachungulia dirisha la jirani?

Sitaki. Nimekulia ndani ya sitara na najua inavyookoa watu. Kipindi baba yangu alipokosa kazi, jirani mmoja alikuwa akileta chakula usiku ili watu wasijue tumelala njaa. Hiyo ni sitara, na ningeipigania. Tena najua kinachotokea mji ukikosa huruma kwa siri za watu. Oscar Wilde aliandika The Picture of Dorian Gray mwaka 1890, hadithi ya kijana mzuri ambaye dhambi zake zinachorwa kwenye picha iliyofungiwa chumba cha juu huku uso wake ukibaki safi. Mwaka 1895 kitabu hicho kilisomwa mahakamani kumsuta Wilde mwenyewe, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa jela, miaka miwili ya kazi ngumu, kwa sababu ya wanaume aliowapenda. Na kifungu cha sheria kilichomfunga kilikuwa ndani ya sheria ile ile ya 1885 iliyopita baada ya makala za Stead kuhusu wasichana. Mji uliowavumilia wanunuzi wa watoto ulipata nguvu zote za kumvunja mwandishi. Hata hapa wako majirani zetu wanaobeba siri ambazo hazijamdhuru mtu, na hao ndio tunaowachungulia madirishani, ndio tunaowasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, na ni cha sokoni kabisa: siri hii nani anailipia? Kama anayelipia ni mwenye siri mwenyewe, msitiri, nyamaza, funga mlango wake ukipita. Kama anayelipia ni mtu mwingine, mtoto wa kona ile ya London, mama mwenye leso, kijana anayejidunga nyuma ya ukuta, basi hiyo si sitara. Ni biashara, na wewe uliyenyamaza una hisa ndani yake. Wazee wa sebuleni kwetu walichanganya vitu hivi viwili kwa makusudi. Walichukua neno tukufu la kufunika njaa ya maskini wakafunikia wizi wa mwenye kanzu.

Na tusidanganyane kuhusu sura. Katika kitabu cha Wilde, mchoraji Basil anaenda kumuuliza Dorian kuhusu uvumi wa mjini, na anakaribia kuomba radhi kwa kuuliza, kwa sababu anaamini maovu huandikika usoni na uso ule ni msafi. Usiku ule ule Dorian anamuua. Basil alikufa kwa imani ambayo Mombasa inaishi nayo kila siku: kanzu nyeupe, sauti ya chini, alama ya sijda kwenye paji, suti ya Jumapili, basi huyu mpe daftari. Hatukuwahi kumwambia Bwana Daftari "tuonyeshe hesabu", kwa sababu kuuliza kungekuwa kumtukana. Mimi sasa naona kinyume. Mtu unayemkabidhi pesa za wanawake ishirini bila kumkagua, umemtukana yeye na wao pia, manake umemwacha peke yake na kishawishi na umewaacha wao bila kinga.

Sasa mnataka nimalize kwa kumtaja jina. Nimepokea ujumbe wa marafiki walioijua hadithi hii: mtoe, weka picha, achomeke. Sijamtaja, na lazima niseme kwa nini, la sivyo makala yote haya ni unafiki na mimi ni Utterson mwenye intaneti.

Nilimsomea mama rasimu ya kwanza, iliyokuwa na jina. Alisikiliza akiwa anachambua mbaazi. Akasema, "Usimtaje, mwanangu. Wanawe hawana makosa, na wewe jina lake halikurudishii chuo." Nikamuuliza, basi tunyamaze? Akaniangalia kama mtu asiyejua alichomzaa. Kumbe alikuwa ashachukua hatua mwaka ule ule, na mimi sikujua. Wiki ile aliposikia habari za mweka hazina mpya wa Kisauni, alivaa buibui lake, akapanda matatu hadi ng'ambo, akaenda kukaa kwenye kikao cha wanawake wasiomjua. Hakumtangaza mtu sokoni. Aliwaambia walio na pesa zao mle ndani: mimi nilikuwa naye, hiki ndicho kilichonipata, fungueni daftari leo. Wengine walimwita mfitini. Mmoja alimwambia anamwonea mzee wa watu wivu. Lakini daftari lilifunguliwa, na lilikuwa na kurasa tupu mahali ambapo pangepaswa kuwa na mwezi mzima.

Hawakumpeleka popote, najua mnauliza. Alirudisha alichoweza, akaondoka. Wanawake wale sasa wana laini ya M-Pesa ya kikundi, watu watatu ndio wanaotia sahihi, na kila mwisho wa mwezi hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya kila mwanachama, hata asiyejua kusoma. Bado watu wa mtaa wetu wanamwamkia Bwana Daftari, na mama humwamkia pia, shikamoo na marahaba zake kamili. Ila siku hizi kwenye chama kipya cha mama, anayependekezwa kuwa mweka hazina hukaa kimya kwanza, na swali la kwanza huulizwa na yule muuza mahamri: "Na daftari tutaliona lini?"

Wazee walisema swali hilo halina adabu. Basi tukose adabu. Kwenye chama chako, kwenye msikiti na kanisa lako, kwenye kamati ya basari ya wadi yenu, kwenye shule unakompeleka mdogo wako, kuna mtu ana ufunguo ambao hakuna aliyewahi kumuuliza anautumiaje. Huenda ni mwaminifu kabisa, wengi wao ni waaminifu. Mwaminifu hatakasirika ukiuliza. Na ukija kukuta hundi, tafadhali, usiende benki kuthibitisha kama ni halali. Rudi kwenye kona ile umwulize yule mtoto jina lake ni nani.